Nenda Ukaokote Mshale

(Maneno aliyoyasema mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, mbele ya walimu, wanachama na wanafunzi waliopo shuleni.)



Katibu wa umoja wetu aliponiandikia barua alinitaka niseme juu ya "Uzoefu Katika Utumishi wa Umma". Nilikubali upesi, kama wafanyavyo watumishi wa umma wanapoombwa kusema. Kisha nikakaa siku nyingi na karatasi mbele yangu bila kuandika hata sentensi moja. Kila nilipotaka kuandika neno uzoefu nilikumbuka jambo moja nililolitenda kazini, ambalo sikulisema mbele ya watu mpaka leo, na kalamu ikasimama. Mwishowe nikaona kwamba siwezi kulisema jambo hilo bila ya kuanza mbali kidogo, huko Gairo, kwa mjomba wangu na upinde wake. Naomba ruhusa yenu nianzie huko. Nitarudi ofisini kabla hamjasinzia.

Wenye kusafiri kati ya Morogoro na Dodoma wanaijua Gairo. Ni karibu nusu ya njia. Basi likisimama, upepo wa baridi unakupiga, na akina mama wanakuletea bidhaa dirishani. Leo Gairo ni wilaya kamili, tangu 2012. Sisi tulipokuwa wadogo ilikuwa tarafa ya Wilaya ya Kilosa, na mtu mwenye shida ya ofisi kubwa alikuwa hana budi kufunga safari. Maji yalikuwa taabu. Mengi ya visima yalikuwa na chumvi, na maji matamu yalifuatwa mbali. Kumbukeni habari hiyo ya maji, maana nitairudia.

Sisi Wakaguru tunafuata ukoo wa mama. Kwa hiyo mjomba kwetu si mtu wa kuja kusalimia siku ya sikukuu na kuondoka. Mtoto ni wa ukoo wa mjomba, na mjomba ana haki ya kumfundisha, kumtuma na kumkemea. Mjomba wangu alikuwa na shamba la mahindi na maharage upande wa Chakwale, na kila likizo ndefu mama alinipeleka huko kulinda mazao. Asubuhi tulikuwa na nyani na ngedere, jioni ndege, usiku nguruwe mwitu. Tulijenga dungu katikati ya shamba, na juu ya dungu ndipo nilipokaa sehemu kubwa ya utoto wangu.

Mjomba alikuwa na upinde wa mti wa mkole aliounyosha mwenyewe, na mwingine mzuri zaidi alioununua zamani kwa Mkamba mmoja. Wakamba wamekuwapo katika Wilaya ya Kilosa tangu siku za wakoloni, nao ni watu wanaosifika kwa upinde Afrika Mashariki nzima. Upinde ule wa pili sikuruhusiwa kuugusa. Mimi nilitengenezewa wangu, mdogo, wenye mishale butu ya mti mtupu isiyo na chembe cha chuma, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kuwafukuza wanyama, wala si kuwaua. Nawaomba vijana mlisikie hilo. Wanyamapori wana sheria yao. Ilikuwapo ile ya 1974, na sasa ipo ya 2009, na mtu haruhusiwi kwenda kuwinda apendavyo kwa sababu tu ana upinde.

Siku ya kwanza nilifanya kama afanyavyo kila mtoto. Nilifumba jicho moja, nikaushusha uso mpaka kwenye mshale, nikatazama kwa kuufuata kama fundi anayetazama kama ubao umenyooka. Mjomba alicheka. Akaniuliza, "Mjomba, ukimtupia mbwa jiwe, unafumba jicho?" Nikajibu hapana. "Unalipima jiwe kwanza?" Hapana. "Basi upinde nao ni hivyo hivyo. Fumbua macho yote mawili. Mshale usiutazame kabisa. Tazama unapotaka uende."

Kisha akanifundisha kutazama. Alining'inizia kibuyu kikuukuu mtini, nikakitazama. Akauliza, "Unatazama nini?" Nikasema, kibuyu. Akasema, "Kibuyu ni kikubwa. Jicho linatangatanga juu yake kama ng'ombe asiye na mchungaji. Tafuta kitu kidogo." Kulikuwa na doa jeusi upande mmoja, dogo kama punje ya mtama. Akaniamuru nilitazame doa lile mpaka kibuyu chenyewe nisikione. Hapo ndipo nivute upote, kidole kiguse pembe ya mdomo, mahali pale pale kila mara, na niachie bila kukawia.

Ninyi mliosoma mambo ya viungo vya mwili mtaniambia kwamba jambo hili si uchawi. Mtu hatazami mkono wake anapopeleka tonge kinywani, na usiku wa giza hakosi mdomo. Mwili una njia yake ya kujua viungo vyake vilipo. Upinde unapovutwa kwa namna ile ile, mahali pale pale, kwa nguvu ile ile, mkono unaoushika unajifunza kwenda lilipo jicho. Lakini ikiwa leo unavuta mpaka shavuni na kesho mpaka kifuani, mkono hauna cha kujifunza. Utakuwa unaanza upya kila siku.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Nilipopiga mshale wa kwanza ukapita mbali na kibuyu, nilinyosha mkono kuchukua wa pili. Mjomba akaushika mkono wangu. Akasema, "Nenda ukaokote mshale." Nikamwambia bado ninayo mingine minne kwenye podo. Akasema, "Najua. Nenda ukaokote huo."

Nikaenda. Niliporudi akauliza, "Umeangukia wapi?" Nikasema, kule majanini. "Majanini wapi? Juu ya kibuyu au chini? Mkono gani? Hatua ngapi?" Sikujua, kwa maana niliuokota tu nikarudi mbio. Akautwaa mshale, akaenda akauchomeka palepale ulipokuwa, akanirudisha nikatazame tena nikiwa nimesimama mahali nilipopigia. Ulikuwa chini, hatua mbili kushoto. "Haya," akasema, "sasa piga wa pili."

Ndivyo tulivyokwenda likizo nzima. Mshale mmoja, safari moja. Tulianza hatua tano tu kutoka kwenye kibuyu, mahali ambapo hata kipofu angepata, na sikuruhusiwa kurudi nyuma hatua moja mpaka niwe nimeacha kukosa. Wenzangu wa kijijini walikuwa wakipiga mishale kumi mfululizo kwa makelele na vicheko, kisha wanakwenda kuiokota yote pamoja, na hakuna aliyejua ni upi alioupiga namna gani. Niliwaonea wivu sana. Mimi nilikuwa kama karani, napiga mara moja na kutoa taarifa. Lakini likizo ilipokwisha walikuwa wamepiga mishale mara kumi kuliko mimi, nami niliwashinda.

Nilipomwuliza mjomba sababu, alisema maneno machache. Alisema mkono ni mwanafunzi mwema lakini hauna macho. Usipouambia umekosea wapi, utaendelea kukosea kwa bidii.

Ndugu zangu, mwaka 1994 nilipokelewa hapa kidato cha kwanza, chini ya milima hii ya Uluguru, na sanduku la bati lililobeba kila kitu changu. Habari za upinde niliziacha Gairo, nikaona ni mambo ya shamba, hayana nafasi mbele ya wenzangu waliotoka mjini. Mpaka siku moja, tukiwa kidato cha tatu, mwalimu wetu wa fizikia alichora ubaoni mstari uliopinda, akasema huu ni mwendo wa kitu kilichorushwa.

Alitupa hesabu, nami bado ninayo katika daftari. Tuchukue kwamba mshale unakwenda mita 40 kwa sekunde moja. Ukiwa umelengwa sawasawa na ardhi, katika umbali wa mita 5 utakuwa umeshuka karibu sentimita 8. Katika mita 10 utashuka kama sentimita 31. Katika mita 20 utashuka sentimita 125. Na katika mita 40, kama haujagusa chini kabla, utakuwa umeshuka mita 5. Umbali ukiongezeka mara mbili, kushuka kunaongezeka mara nne. Wenzangu walinakili. Mimi niliganda. Nilimwona mjomba wangu amesimama chini ya mti, akinirudisha nyuma hatua moja moja, na kila hatua ikinitaka niinue mkono zaidi kidogo kuliko hatua iliyotangulia. Mjomba hakusoma, na kipeo cha pili hakukijua kwa jina. Lakini mkono wake ulikuwa na hesabu ile nzima, nao uliipata kwa kwenda kuokota.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hisia ya mpiga upinde si jambo linaloshindana na elimu. Ni hesabu iliyofanywa mara elfu na kusahihishwa mara elfu, mpaka ikahamia mwilini. Mjomba alijua hata kwamba wano la mshale likiwa gumu mno kwa upinde, mshale humwendea mpigaji wa mkono wa kulia upande wa kushoto; alikuwa akiyapinda mawano kwa vidole kabla ya kuyachagua. Na hili nalo wataalamu wa leo wanalieleza: mshale unapoachiwa hujipinda kama samaki, ukauzunguka mti wa upinde, kisha ukajinyosha hewani.

Wala msidhani kwamba haya ni ya kwetu Gairo tu. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi wamelea watoto wao kwa upinde vizazi kwa vizazi. Mtoto wa kiume hupewa upinde wake mdogo angali mchanga sana, na hushinda nao mchana kutwa akipiga vitu karibu na kambi. Upinde wao hauna kifaa chochote cha kulengea, na upote wao ni wa kano za wanyama. Kwa upande mwingine, mchezo wa upinde ulirudishwa katika Olimpiki mwaka 1972 huko Munich, na siku hizi washindani wanasimama mita 70 mbali na ubao wenye upana wa sentimita 122. Duara la katikati, lenye pointi kumi, lina upana wa sentimita 12 na kidogo. Hao wana vifaa vya kulengea juu ya upinde. Hata hivyo mara nyingi baada ya mizunguko yao huenda wenyewe hadi kwenye ubao, wakahesabu na kuichomoa mishale yao. Yaani nao wanakwenda kuokota.

Mpaka hapa, Ndugu Mwenyekiti, habari yangu ni ya kujisifu. Naomba sasa niseme isiyo ya kujisifu. Ni mbili.

Ya kwanza ilitokea likizo ya mwisho wa kidato cha pili. Nilikuwa nimekua, nilikuwa hodari, na mbele ya vijana wa kijijini nilikuwa na jina. Mjomba alikuwa amekwenda msibani. Nikautwaa upinde wake ule wa Mkamba, na mshale mmoja wenye chembe cha chuma, nikapanda dunguni jua linazama. Nguruwe walikuwa wametuharibia mistari mingi ya mahindi juma lile. Nikaona mahindi yanatikisika pembeni mwa shamba, kitu cheusi kinakuja chini chini. Sikufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe kama nilivyoufundisha. Nikavuta, nikaachia.

Nilisikia mlio wa kitu kigumu kupasuka, kisha sauti ya maji yakimwagika, kisha mtoto akalia.

Alikuwa binti wa mjomba, mwenye umri wa miaka tisa, ametoka kuchota maji, naye akakatisha shambani ili awahi nyumbani kabla ya giza. Dumu la njano lilikuwa kichwani. Alikuwa ameinama kupita chini ya majani ya mahindi. Mshale uliliingia dumu upande mmoja ukatokea wa pili, na kati ya mshale ule na utosi wa mtoto sidhani kama palikuwa na upana wa kiganja.

Wahenga walisema, umdhaniaye ndiye kumbe siye. Methali hii nimeisikia ikisemwa kwa mzaha mara nyingi. Mimi siwezi kuicheka.

Mjomba aliporudi aliambiwa. Nilingoja fimbo, na ningeipokea kwa furaha, maana fimbo ina mwisho. Hakunipiga. Alilitwaa dumu lile, akaingiza kidole katika tundu la kwanza, kisha la pili. Akasema, "Mkono wako umejifunza vizuri. Hukukosa ulipopatazama. Lakini mkono unajua kupiga tu, haujui kama inafaa kupiga. Hilo ulitakiwa ulijue wewe kabla hujavuta." Kisha akanichukua hadi kando ya shamba, tukasimama alipokuwa amesimama mtoto, akaniambia nitazame dungu kutoka pale. Hiyo nayo ilikuwa ni kwenda kuokota mshale. Msimu ule wote sikushika upinde, wala sikuambiwa nisishike.

Ya pili ndiyo ile iliyoisimamisha kalamu yangu.

Nilihitimu Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, nikaajiriwa, nikapangiwa kazi katika wilaya moja kavu ambayo sitaitaja, kwa kuwa lawama si ya wilaya, ni yangu. Miongoni mwa kazi zangu ilikuwa kutoa makadirio ya mavuno. Kazi hii ina utaratibu wake. Unachagua mashamba bila upendeleo, unapima kipande, unavuna, unakausha, unaweka kwenye mizani. Inachukua siku nyingi, na mara nyingi gari halina mafuta. Miaka ya mwanzo niliifuata kama ilivyoandikwa. Baadaye nikawa mzoefu. Niliweza kupita barabarani, nikatazama mahindi kupitia dirisha la gari, nikasema: hapa gunia sita kwa ekari, hapa nane, hapa nne. Vijana walioajiriwa nyuma yangu walinitazama kwa heshima. Nami nilijiambia, hii ndiyo ile hisia ya mjomba. Mkono umekwisha kujua.

Mwaka mmoja nilipita katika kijiji fulani, mahindi yamesimama kijani, marefu kumpita mtu. Nikaandika gunia saba. Taarifa ikaenda juu, na kijiji kile kikahesabiwa miongoni mwa vyenye chakula cha kutosha.

Mwezi wa Januari alikuja ofisini kikongwe mmoja. Alikuwa ametembea tangu usiku. Akafungua pindo la khanga akatoa hindi moja, akaliweka juu ya meza yangu. Lilikuwa refu, zuri, na lilikuwa na punje labda thelathini, zimetawanyika kama meno ya mzee. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, haya ndiyo mahindi uliyoyaona?"

Mvua ilikuwa imekatika juma lile lile mahindi yalipokuwa yakitoa mbelewele na nywele. Mvua ikikosekana wakati huo, chavua haifanyi kazi yake, punje hazijai, wala mvua ya baadaye haiwezi kulirudisha jambo hilo. Bua litabaki kijani na kumdanganya mtu aliye ndani ya gari. Nililisoma chuoni. Nililifanyia mtihani na kulifaulu. Lakini sikushuka kwenye gari nikavunja hindi hata moja. Tulipokwenda kupima sawasawa, tulipata chini ya gunia mbili kwa ekari.

Taarifa ilisahihishwa, na chakula kilikuja. Kilichelewa. Wakati kinafika, watu walikuwa wamekwisha kuuza mbuzi wao kwa bei ya kutupa, na watoto wengi walikuwa wameacha shule wakifuata vibarua. Hakuna aliyeniadhibu. Makadirio ni makadirio, nikaambiwa, yanaweza kukosea. Na kweli yanaweza. Lakini usiku ule nilikaa nikajiuliza swali ambalo mjomba angeniuliza: katika miaka yote hii ya kukisia kwa jicho, ni mara ngapi nilirudi baada ya mavuno kuona kisio langu limeangukia wapi? Jibu lilikuwa hata mara moja. Nilikuwa nimepiga mishale mamia, na sikuokota hata mmoja. Nilichokiita uzoefu kilikuwa ni mazoea tu, na wahenga walikwisha kutuonya kwamba mazoea yana taabu.

Ndugu Mwenyekiti, hayo ndiyo ninayoyajua juu ya uzoefu katika utumishi wa umma. Miaka ya kazi peke yake haimpi mtu uzoefu. Mtu anaweza kukaa ofisini miaka ishirini akawa amefanya kosa la mwaka wa kwanza mara ishirini. Tunapenda kusema, kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Ni kweli. Lakini asiyekwenda kutazama atajuaje kwamba anarudia?

Tangu mwaka ule nina daftari lenye safu mbili. Ya kwanza ni nilivyokisia, ya pili ni kilichopatikana. Kila baada ya mavuno narudi katika vijiji vichache, hata kama ni kwa nauli yangu, naijaza safu ya pili. Miaka ya mwanzo ilikuwa aibu tupu. Sasa safu hizo mbili zimeanza kukaribiana. Bado sijawahi kuziona zikiwa sawa, na siku nitakapoziona ziko sawa kwa kila kijiji nitajua kwamba kuna mtu anajaza daftari akiwa nyumbani.

Vijana, nina neno moja kwenu. Mwalimu anaporudisha karatasi ya mtihani mnafanya kama tulivyofanya sisi: mnatazama alama, mnakunja, mnaitia mfukoni au motoni. Aliyepata 80 anafurahi, aliyepata 30 ananuna, na wote wawili hawajui mshale umeangukia wapi. Nawaomba, kabla ya kujibu swali jingine, rudini kwenye lile mlilokosa. Mlikosa juu au chini? Hamkujua, au mlijua mkaharakisha? Mlisoma swali au mlidhani mmelisoma? Fanyeni hivyo mwaka mmoja, hata kama wenzenu watakuwa wamekwisha kufungua kitabu cha pili na kuwacheka. Na mkisha kuwa hodari, kumbukeni dumu la maji. Mtu hodari ndiye anayeweza kudhuru kweli, kwa sababu yeye hakosi.

Na ninyi wakubwa wenzangu, msidhani mmesalimika. Kila mwaka tunakutana hapa, tunachanga, tunapiga makofi, tunapiga picha, tunaondoka. Ni jambo jema na tuendelee nalo. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kwenda maktaba akauliza kama vitabu tulivyoleta vinasomwa, au vipo kwenye maboksi kwa kuwa si vya mtaala huu? Nani amemwuliza mwanafunzi yeyote kama tulichokileta ndicho walichokikosa? Napendekeza, Ndugu Mwenyekiti, kabla ya kuchanga tena mwaka huu, tuteue watu watatu, mmoja wao awe mwanafunzi, watuletee taarifa ya michango iliyopita. Taarifa hiyo inaweza isitupendeze. Mimi ya kwangu haikunipendeza.

Nimalizie kwa mjomba. Yupo, amezeeka, na mtoto wa jicho amemwondolea sehemu kubwa ya nuru. Binti yule wa dumu sasa ni mama wa watoto, naye ndiye anayemtunza. Nilipokwenda kumsalimu mara ya mwisho aliniambia niutoe upinde wa mkole darini nipige, na mtoto mmoja wa yule binti akaning'iniza kopo mtini. Nilivuta, nikaachia, sikulipata kopo. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameelekeza sikio. Akasema, "Chini, na kushoto." Ndivyo ilivyokuwa. Nikanyosha mkono kuchukua mshale wa pili.

Hamna haja niwaambie alichosema.